Kilo Iliyoingia Motoni

Katika baa na vibanda vya nyama choma vya Morogoro, nyama hupimwa ikiwa mbichi na huliwa ikiwa imeiva. Mteja anasimama mbele ya bucha ndogo iliyo jirani na jiko, ananyoosha kidole kwenye mguu wa mbuzi au ubavu wa ng'ombe uliotundikwa, muuzaji anakata, anaweka kwenye mzani, mshale unatulia kwenye kilo moja. Hapo wote wawili wanaafikiana. Baada ya saa nzima, au zaidi kama mkaa haujakolea, sinia linafika mezani na kachumbari, ndimu, pilipili na ndizi za kuchoma, na maafikiano yale yanavunjika.

"Bosi, hii ndiyo kilo?"

"Ndiyo yenyewe, mzee."

"Kilo gani hii? Mbona imepigwa panga?"

Swali hili utalisikia Msamvu kwenye harakati za mabasi, utalisikia Kihonda na Mji Mpya, utalisikia kando ya barabara ya Dodoma wanakopumzikia madereva wa malori. Marafiki huliuliza kwa utani. Mtu aliyekusanya fedha za mwisho mfukoni ili awakirimu wageni wake huliuliza kwa uchungu, kwa sababu aliagiza kilo mbili za watu sita na sasa anaona aibu kusogeza sinia. Anayeulizwa ni mchomaji, kijana mwenye macho mekundu kwa moshi, ambaye mara nyingi nyama si yake, mzani si wake na baa si yake. Nataka kumtetea. Sisemi kwamba hakuna wachomaji wadokozi. Wapo, kama walivyo wadokozi katika kila kazi inayoshika mali ya mtu mwingine. Ila sehemu kubwa ya kile anachotuhumiwa kukichukua haikupita mkononi mwake. Ilipita hewani, mbele ya macho yetu, tukiwa tumekaa tunaisubiri.

Tuanze na kilichomo ndani ya kilo yenyewe. Chukua kilo ya mnofu wa ng'ombe, bila mfupa, bila mafuta ya kuonekana. Karibu robo tatu yake ni maji. Protini ni kama gramu 200, na kinachobakia ni mafuta kidogo, madini na mabaki ya sukari ya misuli. Yaani gramu 750 hivi za kile tulichokilipia ni maji, na hakuna aliyetudanganya, kwa sababu mwili wa kila mnyama ndivyo ulivyo, na wetu pia. Ukiikata nyama, maji hayamwagiki. Kisu kinatoka na unyevu kidogo tu. Ndiyo maana tunaiona nyama kuwa kitu kikavu chenye uzito wake wa asili, na tunashangaa inapopungua.

Maji hayo yamekaa mahali pake maalumu. Msuli ni mafungu ya nyuzinyuzi. Ndani ya kila uzi mna nyuzi nyembamba zaidi ambazo jicho halizioni. Na ndani ya hizo zimepangwa protini mbili, mayosini na aktini, zilizokuwa zikisukumana na kuvutana wakati ng'ombe anatembea. Kati ya protini hizo kuna nafasi, na ndani ya nafasi hizo ndimo yalimo maji mengi ya nyama, asilimia 80 na zaidi. Hayakufungwa kwa nguvu kubwa. Yamekaa humo kwa sababu pana nafasi. Nafasi ikibanwa, yanatoka.

Na moto kazi yake ni kubana. Simama karibu na jiko utazame kipande kimoja cha ubavu tangu kinapowekwa juu ya wavu. Mwanzoni hakuna kinachoonekana zaidi ya wekundu kufifia juu juu. Joto la ndani likifika kama nyuzijoto 40 na kupanda kuelekea 60, mayosini inaharibika umbo, inajikunja, na nyuzinyuzi zinakonda kwa upana. Maji yanasukumwa kutoka ndani ya nyuzi na kukaa kwenye mianya iliyo baina yake. Bado yamo ndani ya nyama, ila yameshahama chumba. Kisha, baada ya nyuzijoto 60, inaingia kolajeni, ule utando mweupe unaofunika misuli na kuunganisha mafungu yake. Uzi wa kolajeni ukipata joto hilo hujivuta ghafla, na kama hakuna kinachouzuia hubaki karibu theluthi moja ya urefu wake. Lakini umezungukia nyama, kwa hiyo unaiminya nyama pamoja nao, kama mtu anayekamua kanga iliyotoka kwenye beseni.

Hapo ndipo macho yanaanza kuona. Kipande kinajikunja kuelekea upande ulio na utando mwingi. Nyama inarudi nyuma kutoka kwenye ncha ya ubavu, na mfupa uliokuwa umefunikwa unachomoza mweupe, sentimita moja, kisha mbili. Juu ya mnofu yanatokeza matone, yanakusanyika kwenye bonde dogo, yanaelekea ukingoni, yanadondoka. Mkaa unatoa sauti ya shii, na kimoshi kidogo kinapanda. Joto likipita nyuzijoto 70, aktini nayo inakaza, na nyama inaanza kuwa ngumu huku ikiendelea kutoa maji. Mafuta yaliyoyeyuka yanafuata njia hiyohiyo na kuwasha miale ya moto ambayo mchomaji anaizima kwa kunyunyiza maji ya chumvi. Kila shii ni sehemu ya kilo. Nikikaa karibu na jiko siku hizi siwezi kuisikia sauti hiyo bila kuwaza uzito.

Nyama iliyoiva ya wastani hupoteza robo ya uzito wake, au zaidi. Iliyoiva hasa, kama tunavyoipenda sisi, ya kukauka pembeni na kuguguna, hupoteza theluthi moja, na pengine hata asilimia 40. Fanya hesabu ya mguu wa mbuzi. Tuseme katika kilo moja mfupa ni gramu 250. Mfupa utabaki vilevile karibu kamili. Mnofu ni gramu 750, na ukipoteza theluthi, unabaki na gramu 500. Kilo yako inafika mezani ikiwa gramu 750 pamoja na mfupa, na unachoweza kutafuna ni nusu kilo. Hakuna aliyeiba hata kipande.

Wachomaji wengi huanza na moto mkali, wakiamini kwamba nje pakikauka haraka panafunga maji ndani. Imani hiyo ina wazazi wakubwa. Mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig aliieneza katika kitabu chake cha kemia ya chakula mwaka 1847, na wapishi wa Ulaya waliifuata kwa vizazi. Si kweli. Lile gamba la kahawia linaleta harufu na utamu, na kwa hayo peke yake linastahili heshima zote, lakini maji yanapita ndani yake bila shida. Ushahidi ni ileile shii, ambayo haikomi baada ya gamba kushika.

Kazi ya kueleza hasa ni wapi maji ya nyama yanakaa, na kwa nini yanatoka, imechukua muda mrefu. Mwaka 1983 nchini Uingereza, Gerald Offer na John Trinick walichapisha utafiti ulioonyesha nyuzi za ndani za msuli zikivimba na kusinyaa zenyewe, na kwamba hapo ndipo penye siri ya nyama kushika maji. Mwaka huohuo, huku kwetu, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akiongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Sukari, sabuni, nguo na mafuta vilikuwa vimeadimika madukani, na nchi nzima ilikuwa ikiuliza swali moja: bidhaa zimekwenda wapi? Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu ya watu wa Morogoro wa umri fulani. Walikulia katika miaka ambayo kitu kilichopungua kilikuwa kimefichwa na mtu. Mizani iliyochezewa, kibaba kilichobonyezwa, mfuko uliofunguliwa njiani: walikuwa na kila sababu ya kuuliza. Shaka hiyo haikuwa upumbavu, na sidhani kuwa leo ni upumbavu. Imemwangukia tu mtu asiyestahili.

Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984 katika ajali ya gari eneo la Dakawa, si mbali na mji huu, akitoka Dodoma. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa Morogoro tarehe 1 Julai mwaka huo kilipewa jina lake, SUA kwa kifupi. Mtoto wa wafugaji wa Monduli ndiye aliyekipa jina chuo kinachofundisha sayansi ya mifugo na chakula chini ya milima ya Uluguru, na kila nikipita langoni SUA naona jambo hilo limekaa sawasawa. Ndani ya lango hilo wanafunzi wanajifunza haya ninayoyaeleza. Nje, barabarani, mchomaji anaitwa mwizi. Umbali kati ya hapa na pale unatembeka kwa miguu.

Lakini nisiiache nyama ianzie kwenye mzani, kwa sababu kiasi cha kupungua kimeshaamuliwa kwa sehemu kubwa kabla haijafika hapo. Juu milimani kwa Waluguru ng'ombe ni wachache. Miteremko ni mikali, mashamba ni madogo, na mwenye mifugo ana mbuzi, kuku, na huko Mgeta nguruwe pia, ambao hushuka mjini kuwa kitimoto. Ng'ombe wa Morogoro wanatoka mabondeni, Mvomero na Kilosa, kwenye maboma ya Wamasai na Waparakuyo, na wengi wao ni zebu wetu wenye pembe fupi. Ni wanyama wa kutembea. Wanatembea kutafuta majani, wanatembea kutafuta maji, na wengi hawafiki buchani mpaka wamekomaa, kwa sababu mfugaji hauzi ng'ombe kwa kuwa ameshanona, anauza kwa kuwa ada ya shule imefika au mtu ameugua. Katika mnyama mzima, kolajeni imeshaungana yenyewe kwa yenyewe, viungo juu ya viungo, mwaka hadi mwaka. Ikipata moto haiyeyuki upesi. Inavuta kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ndama na maksai mzee wakiwekwa kwenye wavu mmoja, maksai atajikunja na kukamuka zaidi. Mteja anayelalamika kwamba nyama yake imesinyaa na ni ngumu analalamikia umri wa mnyama, na umri huo una maelezo yake katika maisha ya mfugaji.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonigusa kuliko yote nilipolielewa. Mnyama aliyetulia kabla ya kuchinjwa ana akiba ya sukari katika misuli yake. Akishachinjwa, sukari hiyo inageuka asidi pole pole, na asidi inazisogeza zile protini karibu karibu, kwa hiyo nyama yake inashika maji kwa kiasi tu. Ni nyama nyekundu safi, yenye harufu nzuri, inayodumu. Mnyama aliyeswagwa mbali, akapakiwa, akapigwa, akakosa maji, akiba yake imeshakwisha. Asidi haipatikani. Nyama yake inabaki nyeusi nyeusi, inanata mkononi, inaharibika mapema. Lakini inashika maji vizuri. Ukiichoma inapungua kidogo kuliko ile ya mwenzake. Kwa hiyo kilo isiyopungua sana inaweza kuwa imetoka kwa ng'ombe aliyeteseka, na kilo iliyopungua vizuri ikawa imetoka kwa aliyetendewa wema. Mafundisho ya Kiislamu ya kuchinja, yanayofuatwa katika machinjio yetu, yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Aliyefundishwa hivyo tangu utotoni analinda pia ubora wa nyama, hata kama hajawahi kusikia habari za asidi.

Kinachofanywa na watu wenye akili ya jikoni ni kuyakubali maji kwamba yatatoka, kisha kuyatafutia pa kwenda. Mtazame mama anayekaanga kababu za biashara. Nyama yake ya kusaga ameshaichanganya na kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, kotimiri na pilipili. Kisha anachukua slesi za mkate uliolala, anazilowesha, anazikamua kwa kiganja, anazifikicha humo ndani. Wengine hutia kiazi kilichopondwa, au unga kidogo, na yai la kushikisha. Wateja wapo wanaonung'unika kwamba mkate ni njia ya kupunguza nyama. Na mkate kweli unaongeza ujazo kwa bei nafuu, sitalificha hilo. Lakini wanga una tabia yake: ukifika joto la nyuzijoto 60 hadi 70 kwenye unyevu, unavimba na kunywa maji. Ni joto lilelile ambalo nyama inakamuka. Maji yanayotupwa na mmoja yanapokelewa na mwenzake, palepale, ndani ya kababu moja. Ndiyo maana kababu ya mama huyu inatoka kwenye mafuta ikiwa na umbo lake, na ukiivunja ndani kuna unyevu, wakati kababu ya nyama tupu imekuwa kokoto.

Baga, ambazo vijana wa vyuo wamezizoea, zinaonyesha jambo hilo kutoka upande mwingine, kwa kuwa mapishi ya asili hayana mkate ndani, mkate uko juu na chini. Nyama ya kusaga imekatwakatwa, na kolajeni imekatwa pamoja nayo, lakini kila kipande kidogo bado kinajivuta. Ukingo wa duara unapata joto kwanza, unakaza kama mkanda, na katikati hapana pa kwenda isipokuwa juu. Uliweka kwenye kikaangio duara bapa, unatoa tufe. Wanaojua hutengeneza duara pana kuliko mkate wenyewe, wanabonyeza shimo dogo katikati kwa kidole gumba, na hawaikandi sana nyama yenye chumvi, maana chumvi huyeyusha mayosini na kuifanya inate na kuwa kama soseji. Mafuta nayo yana sehemu yake: nyama yenye mafuta asilimia 20 itayaacha mengi kwenye kikaangio. Zaidi ya hapo baga haina fumbo.

Njia kongwe na ya heshima zaidi ni supu. Asubuhi, kabla jua halijapiga vizuri kwenye mawe ya Uluguru, masufuria ya supu yameshachemka kote mjini, na mteja mwenye chapati mbili mkononi haulizi kilo imekwenda wapi, kwa sababu imo ndani ya bakuli. Maji ya nyama, chumvi zake, mafuta yake, yote yamebaki sufuriani. Na kolajeni, ileile iliyokuwa ikiminya, ikichemshwa kwa saa nyingi inakubali kuachia: inageuka jelatini, inalainika, inaupa mchuzi uzito unaonata midomoni. Makongoro yenyewe ni kolajeni kuanzia juu hadi chini, na hakuna mtu mwenye akili atakayeyaweka juu ya wavu. Huko Nyandira, juu Mgeta, mambo huenda polepole zaidi. Mwinuko wa kule unafanya maji yachemke kabla ya kufika nyuzijoto 100, karibu na 95, na kolajeni inahesabu kila nyuzijoto. Mpishi wa mlimani anaongeza kuni na muda.

Nikishataja kuni, siwezi kuacha mkaa. Kabla nyama haijapungua juu ya jiko, kuna kitu kilichopungua chini yake. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa kilo 15 hadi 20 tu za mkaa. Kinachobakia kimekuwa mvuke, moshi na lami. Miti hiyo mingi ni ya miombo ya Kilosa, Mvomero na Morogoro Vijijini, na Kilosa tangu mwaka 2012 vijiji vimekuwa vikijaribu kuvuna mkaa kwa zamu, vikigawa misitu yao vipande ili kimoja kipumzike wakati kingine kinakatwa. Mlimani kwenyewe umeme na gesi havijaondoa haja ya kuni, na msitu wa hifadhi wa Uluguru ndio chanzo cha Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Mteja anayedai gramu zake mezani hajui kwamba sinia lake limeshagharimu mti uliopungua mara tano au zaidi. Simlaumu, kwa sababu hakuna mzani aliowahi kuonyeshwa.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una kazi ya kukagua mizani zetu, na bucha nyingi zina stika yake. Lakini mzani unaokaguliwa unapima mwanzo wa safari tu. Marekani, McDonald's waliipa baga yao jina la robo ya ratili, gramu 113 hivi, na wanapoitangaza huandika kwamba huo ni uzito wa kabla ya kupikwa. Sentensi moja ndogo, na ugomvi unakwisha kabla haujaanza. Sioni kwa nini baa ya Morogoro isiweze kuandika ubaoni, chini ya bei: mnofu, kilo moja mbichi hutoka gramu 600 hadi 700, mbuzi na mifupa yake, gramu 700 hadi 800. Na pembeni ya jiko pawe na mzani wa pili, ambao mteja anaweza kuuomba.

Najua wenye baa watakavyojibu. Watasema mteja akiziona namba ataona bei halisi ya nyama iliyoiva, na atashtuka. Atashtuka kweli. Kilo anayodhani amenunua kwa bei ya kilo, ataigundua kuwa ni bei ya gramu 650. Lakini bei hiyo ameshailipa miaka yote. Kilichokuwa kikifichika ni hesabu yake tu, na gharama ya kuificha amekuwa akiibeba mchomaji. Ndiye anayetukanwa mbele ya wenzake, ndiye anayekatwa mshahara mteja akikataa kulipa, ndiye anayelazimika kuitoa nyama kabla haijaiva vizuri ili ionekane kubwa. Hilo la mwisho ni hatari kwa afya, na nimeona likifanyika: nyama ya ng'ombe imetolewa ikiwa nyekundu karibu na mfupa kwa sababu mteja alishaanza kupiga kelele kuhusu ukubwa. Mzani wa pili utamwonyesha mdokozi pia, maana kilo ya mnofu inayotoka ikiwa gramu 400 haijaliwa na moto peke yake.

Uzito wa pili uchukuliwe nyama ikiwa nzima, kabla ya kukatwa. Mchomaji anapoitoa kwenye wavu na kuishukia kwa panga ikiwa bado inachemka, mchuzi unatiririka juu ya gogo na kuingia kwenye nyufa zake, na huo ni uzito mwingine unaopotea bila sababu. Nyama ikiachwa ipumzike dakika chache, mchuzi unapoa, unakuwa mzito, na sehemu yake kubwa inabaki ndani. Dakika hizo hizo zinatosha kuiweka kwenye mzani, kumwita mteja asogee, na kumsomea namba.